Hisabati, Uchumi na Fedha: Lipi Litangulie?

Mwanafunzi anayetaka kuoanisha hisabati, uchumi na taaluma ya fedha katika shahada ya kwanza mara nyingi hushauriwa afuate somo lenye ajira nyingi. Makala haya yanashikilia kuwa swali la msingi ni jingine: ni somo lipi lililo gumu kulifidia baadaye?

Ni hisabati. Mnamo mwaka wa 1952, Harry Markowitz alionyesha kwamba hatari ya kumiliki hisa mbalimbali haitokani na kila hisa peke yake, bali pia na jinsi bei zake zinavyopanda na kushuka pamoja. Kuipima hatari hiyo kwahitaji takwimu na aljebra ya matriki. Gérard Debreu naye, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka wa 1983, alianzia katika hisabati. Sisi wa Kiswahili twaijua hali hii: aliyeikwepa isimu mwanzoni huhangaika nayo katika uzamili.

Kwa hivyo, anayenuia kufikia uzamifu wa uchumi na aoanishe uchumi na hisabati, tena asiishie kwenye kalkulasi ya mwaka wa kwanza. Anayeelekea benki au bima aweza kuchukua fedha na takwimu, ingawa hata yeye hafai kuutupa uchumi kabisa, kwani viwango vya riba atakavyovitumia kila siku hufuata sera za Benki Kuu. Uhasibu aweza kujifunza hata akiwa kazini, kupitia mitihani ya KASNEB.