Sare ya Shule na Haki ya Kuingia Darasani: Mtazamo kutoka Ewuaso Kedong

Sare ya shule, yaani vazi la rangi na mshono mmoja ambalo kila mwanafunzi hutakiwa kulivaa, iliingia Kenya kupitia shule za misheni na za serikali ya kikoloni, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963 ikabaki kuwa desturi ambayo wazazi wachache huitilia shaka. Katika Ewuaso Kedong, wadi ya Kajiado Magharibi iliyo kwenye barabara itokayo Ngong kuelekea Suswa, desturi hiyo inakutana na Wamaasai, jamii ambayo shuka, ushanga na nywele ndefu za morani zilizopakwa ngeu, ule udongo mwekundu, hutambulisha rika na hadhi ya mtu kabla hajatamka neno. Mtoto anapokwenda shule, ushanga huvuliwa na nywele hunyolewa, kana kwamba alama hizo na elimu haviwezi kukaa katika kichwa kimoja.

Amri za mavazi kwa Wamaasai hazikuanzia shuleni. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na ngeu na kuvaa suruali na mashati, kwa hoja kwamba maendeleo hayapatani na mavazi yao. Kampeni ile ilipita na shuka ikabaki, jambo linaloonyesha kwamba vazi lililobeba utambulisho wa watu haliondoki kwa amri, ijapokuwa amri huweza kuwadhalilisha wanaolivaa.

Hata hivyo sare ina faida ambazo si haki kuzipuuza. Mtoto wa mwenye kundi kubwa la ng'ombe na mtoto wa mchungaji wa kuajiriwa huketi dawati moja bila mavazi kutangaza mali ya wazazi, na mwanafunzi anayetembea mwendo mrefu kati ya boma na shule hutambulikana kwa urahisi na yeyote anayemwona njiani. Kwa hiyo shule ina sababu nzuri ya kuweka kanuni ya mavazi, na ubaya hujitokeza pale kanuni hiyo inapogeuzwa kuwa sharti la kuingia darasani.

Sharti hilo humwumiza maskini kwanza. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilifuta karo katika shule za msingi za umma, lakini gharama ya sare ikaachiwa wazazi, na katika nchi ya wafugaji kama Kajiado, ambako ukame wa mwaka 2022 uliangamiza mifugo mingi, ng'ombe anapokufa hufa pamoja na sweta, viatu na kalamu za mtoto. Uzito wa gharama hiyo ulipimwa magharibi mwa Kenya, ambako watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328 kuanzia mwaka 2003 na kugundua kwamba wanafunzi wa darasa la sita walipopewa sare bila malipo, wasichana walioacha shule walipungua kutoka takriban 19 hadi 16 katika kila 100, na idadi ya waliopata mimba wakiwa wadogo ikapungua pia. Kipande cha kitambaa, basi, kinaweza kuamua kama msichana atabaki darasani au ataolewa.

Sheria nayo imeanza kuuliza kama mavazi au nywele zinaweza kumzuia mtoto kuingia darasani. Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima katika ibara ya 53, hulinda imani katika ibara ya 32 na utamaduni katika ibara ya 44. Mnamo Septemba 2019, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba shule moja ya Kibera ilikiuka haki ya msichana wa imani ya Rastafari ilipomrudisha nyumbani kwa sababu ya rasta zake. Suala la hijabu halikupata jibu la wazi kama hilo, kwani uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2016 uliowaruhusu wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo kuivaa ulitenguliwa na Mahakama ya Juu mnamo Januari 2019 kwa sababu za utaratibu wa kesi, na mgogoro wenyewe ukabaki.

Bodi za usimamizi za shule, ambazo ndizo hupanga kanuni hizi, hazina haja ya kungoja mahakama. Ziwaruhusu wazazi kushonesha sare kwa fundi yeyote badala ya kuwaelekeza kwenye duka moja, zikubali sare kuukuu na yenye viraka, zimwachie mtoto bangili ya ushanga isiyozuia somo lolote, na kanuni ikivunjwa zimwite mzazi wazungumze naye huku mtoto akiendelea kusoma. Shule inayomrudisha mtoto bomani kwa kukosa sweta imemnyima haki ambayo Katiba inampa.