Jino la Mvuvi na Mwanga wa Leza

Kila aijuaye pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa aijua safari ya mtumbwi kutoka Ikombe hadi Matema. Akina mama wa Kikisi huja nao wakileta vyungu vyao sokoni, na mara nyingine kati ya vyungu hivyo huketi mvuvi aliyejifunga taya kwa kitambaa, asiyesema na mtu. Huyo haendi sokoni. Jino limemkesha usiku wa tatu, na atafutacho ni koleo tu.

Juu ya mtu huyo tumeona vema kuandika leo, kwa kuwa mijini sifa za leza zimevuma, na wako wasemao kwamba siku za keekee na koleo zimekwisha. Yatupasa kupima maneno hayo.

Leza ni mwanga wa rangi moja uliokusanywa ukaenda pamoja, kama askari waendao kwa hatua moja. Theodore Maiman aliuwasha wa kwanza huko Marekani mwezi Mei 1960, kwa kijiti cha yakuti. Miaka michache baadaye wataalamu waliujaribu juu ya meno. Ulitoboa kweli, walakini joto lake lilipenya hata kiini cha jino, kwenye damu na neva, likakidhuru. Ilikuwa kuchoma ghala ili kumfukuza panya. Ikapita zaidi ya miaka 30 kabla ya Marekani kuruhusu, mwaka 1997, leza ya erbiamu kwa kazi ya kuchimba jino. Mwanga huu hunywewa upesi na maji. Maji yaliyomo ndani ya jino hugeuka mvuke ghafula, yakabandua chembe ndogo ndogo za mahali palipooza, huku mashine ikirusha maji ya kupoza. Mgonjwa hasikii mtikisiko wa keekee, na mara nyingi hahitaji sindano ya ganzi. Hiyo si sifa ndogo, hasa kwa mtoto. Lakini kazi huenda polepole, tena leza hiyo haifai kuondoa ziba za zamani za madini, hivyo keekee haina budi kubaki mezani.

(Msomaji asidanganywe na taa ya buluu inayomulikwa kinywani ili dawa ya kuziba igande. Hiyo si leza.)

Katika mzizi wa jino kazi yake ni ndogo kuliko sifa zake. Kiini kikiisha kuoza, daktari hufungua jino, hukwangua vijia vya ndani kwa tupa nyembamba kama sindano, huviosha kwa dawa ya jamii ya klorini, kisha huvijaza utomvu uitwao gataperka. Leza huingizwa kwa unyuzi mwembamba, ikaitikisa dawa ile ifike vichochoroni pasipofikiwa na tupa, na vijidudu vikapungua. Tupa haikuondoka. Na ushahidi kwamba jino lililotibiwa hivyo hudumu kuliko lililotibiwa vema bila leza ungali mchache. Mashine moja bei yake hufika makumi ya maelfu ya dola, nayo hutaka umeme usioyumba, miwani maalumu kwa wote waliomo chumbani, na fundi wa kuitengeneza.

Sasa tuseme jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Katikati ya miaka ya 1980, katika nchi hii hii, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam walianzisha njia ya kuziba meno pasipo mashine yoyote. Mgonjwa hulazwa juu ya meza, hata ya darasani. Uozo laini hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, tundu likajazwa saruji, ikakandamizwa kwa kidole. Baadaye ilitumika saruji ya ayonoma ya kioo, ambayo hushikamana na jino na kuganda yenyewe bila taa. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe katika miaka ya 1990. Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya, 7 Aprili 1994. Na mwaka 2021 likaitia saruji ile katika orodha yake ya dawa za lazima. Dunia nzima ilijifunza kwetu.

Ina mipaka yake. Yafaa tundu dogo ambalo halijafika kiini; tundu pana la pande mbili halishiki sana. Mvuvi wetu wa Ikombe amechelewa: kwake ni kutibiwa mzizi au kung'olewa. Sisi tuandikao haya tuna pengo la namna hiyo. Lilikuwa doa jeusi tu tulipokuwa bwenini, na hakuna aliyetuambia tufumbue kinywa atazame. Tena siku hizi sukari imezidi. Kakao ya Kyela yaenda ng'ambo ikiwa punje, yaturudia ikiwa peremende; faida wakala wengine, matundu tukabaki nayo sisi.

Hatuipingi leza. Na iwekwe katika hospitali kubwa, wataalamu wetu waizoee, wasiwe wageni wa elimu ya wenzao. Tunalopinga ni kuihesabu mashine ya mjini kuwa ndiyo maendeleo ya meno, hali mkulima wa mpunga wa Ipinda jino lake dogo la kuzibwa linangoja mpaka liwe la kung'olewa. Kwa hiyo twawauliza wenye dhamana ya afya wilayani: katika vituo vya tiba vya Matema, Ipinda na Ngonga, saruji ile ipo leo? Aliyefundishwa kuitumia yupo? Na hufika shuleni mara ngapi kwa mwaka?