Kilwa Kisiwani (4): Tumbawe, Chokaa na Msikiti Mkuu

Meli za watalii zinatia nanga Kilwa Kisiwani, na magazeti yanashangilia. Nami nashangilia. Wageni wanashushwa kwa boti, wanapitishwa ngome iitwayo Gereza, Msikiti Mkuu na jumba la Makutani, wanapiga picha, na kabla jua halijachwa meli imeshang'oa nanga. Karibu kila picha inayochapishwa inamwonyesha mgeni ameinua uso kutazama kuba. Ukuta hautazamwi. Makala tatu zilizopita tumeshughulika na masultani, dhahabu ya Sofala na sarafu za shaba. Leo nataka tusogee hadi pua zetu ziguse huo ukuta.

Jiwe la Kilwa ni la aina mbili. Moja huchimbwa nchi kavu, nalo ni tumbawe la kale lililogeuka mwamba, gumu, lenye matundu na ncha za kukata mkono. Hilo ndilo lililojaza unene wa kuta. La pili lilikatwa baharini likiwa bado bichi. Likitolewa majini huwa laini, fundi akalichonga kwa tezo kama achongavyo ubao. Likikaa hewani hukauka na kukaza. La namna hiyo liliwekwa mahali penye heshima: mihrabu, miimo ya milango, zidaka, nguzo. Fundi alipaswa kujua lini alitoe majini na amalize kulichonga kabla halijakataa chombo.  Elimu hiyo ni ya watu walioijua bahari yao, maji kupwa na maji kujaa.

Chokaa nayo ilitoka pwani ile ile. Magogo yalipangwa mviringo, matumbawe yakarundikwa juu yake, moto ukawashwa. Majivu meupe yaliyobaki hayakutumika papo hapo. Yaliachwa yanyeshewe mvua miezi mingi hadi yaive. Ndiyo maana nasema Msikiti Mkuu umejengwa kwa subira kuliko kwa mawe, na kizazi chetu, kinachotaka nyumba imalizike kabla ya Idi, kina la kujifunza hapo.

Sasa tuingie ndani. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12. Ni ndogo, ilikuwa na dari tambarare iliyobebwa na nguzo tisa. Udogo wake una sababu. Boriti ya mkoko haivuki nafasi zaidi ya meta tatu hivi bila kupinda, kwa hiyo mti wa kwenye tope la ufukweni ndio ulioamua upana wa vyumba vya waungwana na nafasi baina ya nguzo za misikiti yao, kuanzia Lamu hadi Kilwa.

Aliyevunja mpaka huo ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14. Kijana huyu alikuwa amekaa Aden akisoma, akaenda Makka kuhiji, na aliporudi hakutaka tena kutawaliwa na boriti. Akaupanua msikiti kuelekea kusini kwa kuba na matao ya mawe na chokaa, akajenga pembeni kuba moja iliyobaki kuwa kubwa kuliko zote katika pwani hii hadi karne ya 19. Nguzo za upanuzi huo zilikuwa za tumbawe la kipande kimoja, zenye pembe nane. Zilipendeza, lakini hazikuweza mzigo, paa likaanguka. Katika karne iliyofuata, wakati wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, mafundi waliinua upya sehemu hiyo kwa nguzo za mawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Hizo ndizo mgeni anazoziona leo. Kwangu mimi mafundi hao, ambao majina yao hayakuandikwa popote, wana haki ya kutajwa mbele ya sultani. Walisoma kosa lililoachwa na wakubwa wakalirekebisha.

Al-Hasan huyo huyo ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali, vyumba zaidi ya mia moja, na birika la pembe nane la kuogea. Jumba hilo halikumalizika. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa mtawala wake, lakini akaandika kwamba nyumba ni za mbao. Naamini alikuwa mkweli: wengi waliishi katika miti na udongo, na jiwe lilikuwa la Mungu na la wenye nacho. Ameandika pia juu ya vita dhidi ya watu wa bara na watumwa waliotolewa zawadi. Anayezisifu kuba hizi bila kuwataja wale waliotekwa anasimulia nusu ya habari.

Nirudi kwenye chokaa, maana hapa ndipo roho yangu inapouma. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, na uso wa jiwe unamomonyoka vipande vipande. Nimeona nyumba za kale katika miji yetu ya pwani zikiuawa namna hiyo na watu waliodhani wanazitibu. Kilwa ilinusurika kwa sababu vijana wa hapo walifundishwa kuchoma na kuchanganya chokaa, na baada ya miaka kumi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, tangu 2004, magofu yaliondolewa humo mwaka 2014. Waliofundishwa wanazeeka. Ufundi usiposhushwa kwa mwanafunzi, kila ufa mpya utapelekewa mfuko wa saruji.

Kuhusu meli, nafasi imenibana. Bahari imekwisha kula sehemu ya ukuta wa Gereza, na mikoko iliyopandwa ufukweni ndiyo inayopunguza nguvu ya mawimbi. Boti za wageni zisipite juu ya miche. Katika kiingilio wanacholipa litengwe fungu la tanuri la chokaa, na tanuri liwashwe kwa magogo ya minazi iliyozeeka badala ya mikoko, na wageni waonyeshwe kazi hiyo kabla ya kuinua kamera zao. Wiki ijayo tutavuka kwenda kisiwa cha Songo Mnara, kwenye nyumba zenye zidaka.