Alingoja karibu miaka tisa, akacheza mechi 41

IKIWA umewahi kupita Malaba, msomaji, bila shaka umeiona foleni ya malori. Dereva amelala chini ya trela, tanboi anapika ugali kando ya gurudumu, na wote wawili wanangoja muhuri ugongwe. Busia nako hali ni hiyo hiyo. Ni miji inayoishi kwa kungoja na kuvuka. Hata neno bodaboda husemekana lilianzia huko Busia, enzi zile waendesha baiskeli walipokuwa wakibeba abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Kwa hivyo, watu wa Busia na Malaba huenda wakawaelewa upesi kuliko sisi wa mijini watu tutakaowazungumzia leo. Hawa ni wachezaji wa kulipwa wa besiboli wasiokuwa na majina makubwa. Mali yao ni begi na glavu, na leo wako mji huu, kesho mji ule, wakingoja kuitwa.

Utauliza: Busia na besiboli wapi na wapi? Vuka mpaka tu. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa. Barabara zinazotoka Busia na Malaba huungana kabla ya kufika Jinja. Ukishaupita mto Nile na msitu wa Mabira, unaingia Lugazi, mji wa mashamba ya miwa. Mnamo 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Marekani. Huko waliwashinda watoto wa Gresham, jimbo la Oregon, kwa 3-2.

Miaka kumi baadaye, 2022, klabu ya Los Angeles Dodgers iliwaandikisha vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Baadaye Pittsburgh Pirates ikamchukua mrushaji David Matoma, pia wa Uganda. Habari kama hizo husafiri haraka kama magendo. Si ajabu kesho mwanao akakuambia kwamba anataka kuacha shule aende kutafuta glavu. Utamjibu nini?

Kabla hujamjibu, hebu msikilize Gift Ngoepe.

Mtoto wa chumba cha klabu

Ngoepe alizaliwa Afrika Kusini mwaka wa 1990. Mama yake, Maureen, alifanya kazi katika klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, na walikaa katika chumba kidogo pale pale klabuni. Watoto wengine walikuja kucheza Jumamosi wakarudi kwao. Yeye uwanja ulikuwa ndio ua wa nyumbani.

Mwaka wa 2008, akiwa na miaka 18, alitia saini mkataba na Pittsburgh Pirates. Hapo ndipo wengi wetu tungechinja kuku na kuwaalika majirani tukisema kijana amefika. La hasha! Alikuwa amefika mlangoni tu.

Besiboli ya Marekani ni ngazi ndefu. Juu kabisa zipo timu 30, na tangu 2020 kila moja huwa na wachezaji 26 kikosini kwa sehemu kubwa ya msimu. Piga hesabu mwenyewe: ni nafasi 780, zinazogombaniwa na maelfu ya vijana kutoka Marekani, Jamhuri ya Dominika, Venezuela, Japani na kwingineko. Chini yake kuna madaraja kadhaa ya timu ndogo katika miji midogo. Huko safari ni za basi na mapato ni haba. Ngoepe alipita Bradenton, akapita Altoona, kisha akafika Indianapolis, daraja la mwisho kabla ya juu. Mama yake alifariki 2013, mwanawe akiwa bado katikati ya ngazi.

Daraja hilo la mwisho ndilo Malaba ya besiboli. Ng'ambo unaiona kwa macho, lakini muhuri hujagongewa. Wapo wanaovuka baada ya wiki moja, na wapo wanaozeekea hapo.

Glavu humlisha, gongo humhukumu

Ngoepe alikuwa mchezaji wa safu ya ndani, yaani wale wanaosimama karibu na vituo wanavyokimbilia wapigaji. Kama ulicheza raunda shuleni, picha unayo. Mpira ukipigwa unakuja chini chini kama risasi, naye hana budi kuudaka na kuurusha kituoni kabla mkimbiaji hajafika. Kazi hiyo Ngoepe aliijua barabara. Udhaifu wake ulikuwa katika kupiga kwa gongo.

Hiyo ndiyo hali ya wengi wanaohamahama. Klabu inamtaka kwa sababu mikono yake ni salama, na mwenye jina akiumia yeye anaweza kuziba pengo. Lakini pengo likizibika, anarudishwa. Ni kama kibarua hodari wa kupakua mizigo: siku ya shehena kubwa kila mtu anamwita, shehena ikiisha hakuna anayeuliza amelala wapi.

Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na umri wa miaka 27, Ngoepe aliitwa. Aliingia uwanjani Pittsburgh katika mechi dhidi ya Chicago Cubs, akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza katika ligi kuu ya besiboli. Mara yake ya kwanza kushika gongo alimkabili Jon Lester, mmoja wa warushaji wenye sifa kubwa, na akaupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Mwaka huo alicheza mechi 28. Gongo likakataa, akarudishwa chini. Novemba akapelekwa Toronto Blue Jays ya Kanada, na huko 2018 akacheza mechi 13 tu, akipata pigo moja katika majaribio 18. Jumla ni mechi 41. Hakupanda tena ligi kuu.

Je, alishindwa?

Wapo watakaosema alipoteza ujana wake bure. Lakini tazama: mdogo wake Victor naye aliandikishwa na Pirates, na mwaka wa 2019 Tayler Scott, mrushaji kutoka Afrika Kusini, akaingia ligi kuu vilevile. Mlango aliousukuma mtu mmoja kwa karibu miaka tisa haukufungwa nyuma yake. Fundi hahesabiwi kwa majumba yenye jina lake. Huhesabiwa kwa kazi aliyoitenda vizuri kila alipoitwa.

Hata hivyo, sifa hazilipi kodi ya nyumba. Mshahara wa chini katika ligi kuu mwaka wa 2017 ulikuwa dola 535,000 kwa msimu mzima, lakini anayeitwa kwa siku chache hulipwa siku zake tu. Katika timu ndogo, hata baada ya mkataba mpya wa 2023 kuongeza malipo, mwaka huo wa daraja lile la mwisho walianzia dola 35,800 kwa mwaka, na wa chini kabisa dola 19,800. Kabla ya hapo wengi walilipwa miezi ya msimu pekee, na miezi iliyobaki walitafuta vibarua.

Basi mzazi, mtoto akikujia na ndoto hii, au ya kandanda, au ya riadha, usimvunje moyo wala usimdanganye. Kwanza, mtafutie cheti cha kuzaliwa kilicho sahihi. Mwaka wa 2011 timu nyingine ya watoto wa Uganda ilikuwa imekwisha shinda nafasi ya kwenda Williamsport, ikanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika hati za umri. Watoto walibaki nyumbani kwa makosa ya karatasi. Pili, asiache masomo. Kuitwa kwaweza kuchukua miaka tisa, na pengine simu isilie kamwe. Tatu, akiletewa mkataba, usomwe na mtu anayeujua, maana klabu yaweza kumshikilia kwa miaka mingi na kumhamisha itakavyo.

Na wewe mwanafunzi, jiulize swali moja. Je, ungeipenda kazi hii kama ungejua tangu leo kwamba utapata mechi 41 tu? Ukijibu ndiyo, kafanye mazoezi. Lakini kwanza malizia kazi ya hesabu uliyopewa na mwalimu.