Redio Zilipokaa Kimya

Mwezi Aprili 2015, maandamano yalipozuka Musaga, kusini mwa mji wa Bujumbura, redio ndiyo iliyokuwa tegemeo la familia nyingi kupata habari. Katika jaribio la mapinduzi la tarehe 13 na 14 Mei, vituo kadhaa vilishambuliwa, vikiwemo RPA, Bonesha na Isanganiro. Redio zikakaa kimya. Uvumi ukapata nafasi katika simu za mkononi.

Uvumi hauchagui: humtia hofu mama aliye nyumbani, na humponza askari aliye zamu.

Dawa yake waandishi wa Burundi walikwisha kuijua. Tangu mwaka 1995, Studio Ijambo iliwatuma kazini Mhutu na Mtutsi wakiwa pamoja, ili jicho la mmoja lisahihishe la mwenziwe.

Isanganiro ilirejea hewani Februari 2016. Lakini siku hizi kila mwenye simu ni mtangazaji, na wajibu wa mwandishi umeingia majumbani mwetu. Basi, ndugu msomaji, kabla hujaipeleka habari kwa jirani, uliza: Nani aliyeona? Wapi? Lini? Kuuliza si ujinga.