Leso ya Kwenye Simu na Leso ya Mkononi: Kwa Nini Kila Skrini Ina Rangi Yake

Kuna ugomvi ambao msimu wa harusi haupiti bila ya kuusikia. Kina mama wa familia wamekubaliana sare, kijana wa kuchora amewatumia mchoro kwa WhatsApp, kila mmoja ameutazama kwenye simu yake na kusema mashaallah, pesa zikalipwa. Mzigo unapofika, mmoja anasema hii si damu ya mzee tuliyoagiza, hii ni kahawia. Wa pili anaapa kwamba tangu mwanzo yeye aliona zambarau. Kijana naye anafungua laptopu yake na kuwaonyesha: rangi ni hiyo hiyo, sijabadilisha kitu. Wote wanasema kweli, na ndipo ugomvi unapokosa dawa.

Siku hizi kazi nyingi ya mikono ya Pwani inapitia kwenye kompyuta kabla ya kufika kwenye kitambaa au karatasi. Kadi za harusi, mabango ya Maulidi, khati za Kiarabu za kutundika ukutani, nembo za maduka, michoro ya leso yenyewe. Tumewapata vijana hodari, wallahi. Lakini wateja wengi, na hata baadhi ya mafundi, wanadhani rangi iliyo ndani ya kompyuta ni kitu kimoja kama rangi iliyo ndani ya kopo. Sivyo.

Ndani ya faili la mchoro hamna rangi. Muna nambari. Kila nukta ya picha imeandikiwa nambari tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ukizichanganya nambari hizo kwa kila namna unapata michanganyiko 16,777,216. Kazi ya skrini ni kuzipokea nambari na kuwasha vitaa vidogo sana vya rangi hizo tatu kwa kiasi kilichotajwa. Ukitaka kuviona, dondoshea tone dogo mno la maji kwenye kioo cha simu penye picha nyeupe. Tone litakuwa kama miwani ya kukuza na utaviona vinametameta. Sasa, faili linasema "washa nyekundu 140", lakini halisemi nyekundu ya taa hiyo iwe ya aina gani, wala iwake kwa nguvu kiasi gani. Hilo linategemea kiwanda kilichoitengeneza skrini, umri wake, na bei uliyoinunulia.

Si kwamba hapana kipimo. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kipimo cha pamoja kiitwacho sRGB, kikafanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Kinaeleza nyekundu iwe ipi, kijani ipi, buluu ipi, na nyeupe iwe na weupe gani. Skrini ikikifuata, mchoro utaonekana karibu sawa Mombasa, Lamu na Muscat. Taabu ni kwamba skrini nyingi tulizonazo hazikifuati: nyengine zinapungukiwa, nyengine zinapita mpaka.

Tuanze na zinazopungukiwa, kwani ndizo zilizojaa kwenye meza za mafundi wetu. Laptopu nyingi za bei ya chini zina paneli ambayo kwenye karatasi ya maelezo huandikwa asilimia 45 ya NTSC. NTSC ni kipimo cha zamani cha televisheni za Marekani, na skrini inayotimiza sRGB huwa kama asilimia 72 yake. Piga hesabu utaona laptopu hiyo haifiki hata thuluthi mbili za rangi inazotakiwa kuonyesha. Nyekundu inakuwa kama iliyofuliwa mara nyingi. Manjano inapauka. Fundi akiiona nyekundu yake imefifia, atafanya jambo la kawaida kabisa: ataizidisha mpaka ipendeze machoni mwake. Kisha anaituma.

Upande wa pili yupo mteja mwenye simu ya kisasa yenye kioo cha OLED. Simu hiyo inaweza kuonyesha rangi kali kupita sRGB, na nyingi huja kutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye hali ya kukoleza, kwa sababu simu inayong'aa dukani ndiyo inayonunuliwa. Kwa hiyo nyekundu iliyozidishwa kwenye laptopu inafika kwenye simu na kuzidishwa tena. Mteja anafurahi: rangi inawaka! Lakini hiyo rangi aliyoipenda haimo kwenye faili la fundi, haimo kwenye laptopu ya fundi, na kitambaa hakiwezi kuitoa. Imo kwenye simu yake tu. Mgogoro wa sare nilioueleza hapo juu, nusu yake unazaliwa hapo.

Kisha kuna aina za paneli. Skrini za rahisi, hasa za laptopu za zamani na monita nyingi za mtumba zinazotoka Ulaya na Dubai, ni za aina inayoitwa TN. Utaitambua bila kuuliza: simama, kisha kaa, kisha inama kidogo, huku unatazama picha ile ile. Ukiiona nyeusi inageuka kijivu na rangi ya uso wa mtu inakuwa kama picha hasi ya kamera za filamu, basi hiyo ni TN. Msanii anayechora kwenye skrini hiyo anachora kwenye kitu kinachobadilika kila anapojinyoosha mgongo. Zaidi ya hayo, nyingi ya paneli hizo kila taa yake ina ngazi 64 badala ya 256, na nyengine zote zinadanganywa kwa kumetameta haraka haraka. Ndiyo maana ukichora mbingu ya magharibi inayotoka rangi ya chungwa hadi zambarau, unaona mistari mistari kama ngazi.

Paneli za IPS ni bora kwa kazi hii. Ukizitazama kwa ubavu rangi haitoroki. Udhaifu wake ni kwamba nyeusi yake si nyeusi hasa, kwa sababu taa ya nyuma inapenya. Ukizima taa za chumba utaona kiza chake ni cha kijivu. OLED haina taa ya nyuma, kila nukta inajiwakia yenyewe na ikitakiwa kuwa nyeusi inazimika kabisa. Monita za zamani zenye kisogo sina la kusema juu yake, nyingi zimeshakuwa viti vya paka.

Suala la nyeusi na nyeupe kwetu sisi si dogo. Tazama picha ya harusi yetu: upande mmoja buibui jeusi lenye darizi nyeusi, upande wa pili kanzu nyeupe na kofia ya vito iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Hakuna mtihani mgumu kuliko huo kwa skrini. Kwenye skrini mbovu buibui linakuwa pande moja la giza, darizi ya shilingi elfu kadhaa haionekani. Na kofia ya vito, ambayo mtu aliikalia wiki nyingi kuitoboa, inakuwa kama kibandiko cha karatasi. Mpiga picha asiyeijua skrini yake atadhani kamera ndiyo iliyoshindwa. Ataongeza mwangaza ili buibui lionekane, na hapo kanzu itaungua yote. Kumbe picha yake ya mwanzo ilikuwa na kila uzi, skrini ndiyo iliyouficha.

Skrini za mtumba zina mkasa wao mwengine. Zile zilizotengenezwa kabla ya taa za LED kuenea zilitumia vijitaa vya mrija, na vijitaa hivyo vikizeeka hupungua mwanga na kugeuka manjano. Jicho la binadamu ni karimu, linazoea. Baada ya nusu saa unaona weupe wa kawaida. Hapo sasa unachora, unaona picha ina umanjano, unaongeza buluu kuirekebisha, na kazi inapochapishwa bi harusi anatoka na uso wa mtu aliyezama baharini.

Mwangaza wenyewe nao una vituko. Lalamiko ninalolisikia zaidi katika maduka ya chapa ni "picha zimetoka giza". Mara nyingi fundi alikuwa amefungua mwangaza wa skrini hadi mwisho kwenye chumba chenye kiza, kila kitu kikaonekana kinawaka. Karatasi haina taa ndani yake. Inaakisi tu mwanga unaoipiga. Wanaofanya kazi ya chapa hushusha skrini hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita mraba, ilhali skrini nyingi za kawaida hufika 250. Usiyekuwa na kifaa cha kupimia, fanya hivi: weka karatasi nyeupe kando ya skrini chini ya taa ya chumba, fungua ukurasa mweupe, kisha shusha mwangaza mpaka vyeupe viwili vilingane. Na usikae dirisha likiwa nyuma yako saa saba mchana, jua la Mombasa halina huruma na kioo chochote.

Simu zimeongeza utundu. Kuna ile hali ya usiku inayoondoa buluu ili macho yapumzike, wengi wameiwacha imewaka mchana na usiku na wamesahau. Iphone zina kitu kiitwacho True Tone kinachobadilisha weupe wa kioo kufuatana na taa ya chumba ulichomo. Kwa kusoma ujumbe ni neema, kwa kuchagua rangi ya sare ni balaa: mama aliye sebuleni chini ya taa ya manjano na dada yake aliye barazani wanatazama rangi mbili tofauti kwenye simu za aina moja.

Hata skrini ikiwa sawa, macho hayakubaliani daima. Mwaka 2015 dunia nzima iligombana juu ya picha ya gauni moja, wengine wanasema ni nyeupe na dhahabu, wengine ni buluu na nyeusi, na walikuwa wakitazama skrini moja. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi.

Halafu tuje kwenye kitambaa na karatasi. Skrini inatengeneza rangi kwa kuongeza mwanga, wino unatengeneza rangi kwa kuupunguza. Wachapaji hutumia wino nne: samawati, waridi kali, manjano na nyeusi. Kijani kile cha kuwaka, buluu ya umeme, chungwa la moto, havimo kwenye wino hizo hata ulipe nini. Kwa leso ndiyo zaidi, kwani rangi ya pamba hubadilika hata kwa taa: vitambaa viwili vinaweza kulingana chini ya taa ya duka, ukivitoa nje juani kila kimoja kina lake. Bibi zetu walilijua hilo bila kompyuta. Ndiyo maana ukienda Biashara Street utawaona wamebeba leso hadi mlangoni kuitazama kwenye mwanga wa jua kabla ya kutoa pesa.

Msimamo wangu ni kwamba lawama kubwa iko kwa muuzaji wa kazi kuliko mteja. Wanavyuoni wetu wanapozungumzia kuagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa, wanasisitiza kielezwe kwa sifa zinazojulikana na pande zote mbili, ili gharar iondoke. "Itakuwa kama ulivyoiona kwenye simu" si sifa inayojulikana, maana kila mmoja ameona chake. Anayejua hivyo na akanyamaza ili apate malipo ya awali, hajakaa vizuri. Mteja naye akiambiwa alipie sampuli ya kwanza, asione anaibiwa. Ni ghali kidogo kuliko kutolipa, na ni rahisi sana kuliko leso 200 zisizovaliwa.

Kwa fundi, si lazima ununue monita ya bei ya gari. Monita ya IPS inayotimiza sRGB kikamilifu inatosha, hata ya mtumba ikiwa si ya kizamani mno. Kama mko watatu au wanne mtaa mmoja, changeni mnunue kifaa kimoja cha kupimia rangi, kile kinachoning'inizwa juu ya kioo. Kinasoma rangi halisi zinazotoka na kuiandikia kompyuta masahihisho yake. Kinaazimana, na kila mwezi au miezi miwili mnarudia. Usiyekuwa nacho, Windows ina programu yake ya kurekebisha kwa macho: andika dccw kwenye sehemu ya kutafuta na ufuate hatua. Haifiki ubora wa kifaa ila ni bora kuliko kukisia. Hifadhi kazi ya kutuma kwa sRGB, na kwenye WhatsApp itume kama faili, si kama picha, ili isikamuliwe ubora njiani.

Na wewe unayeagiza, usichague rangi kwa jina. Damu ya mzee ya Lamu na damu ya mzee ya Kibokoni huenda zisiwe ndugu. Nenda na kipande cha kitambaa, kikatwe mara mbili, kimoja kibanwe kwenye risiti yako na kimoja kwenye nakala ya fundi, pamoja na tarehe na sahihi za wote wawili. Kama kazi inachapishwa India au China, kipande hicho ndicho kinachosafiri, si picha ya simu. Fundi akisema hana haja nacho kwa sababu ameshaiona rangi kwenye skrini, mshukuru na uende duka la pili.