Ahadi za kwenye nguzo za umeme

Tembea kwa miguu kutoka Mwanjelwa hadi Kabwe, jijini Mbeya, ukiwa umeinua macho. Kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za vyoo vya kulipia, hata kwenye milango ya maduka yaliyofungwa, kumebandikwa karatasi zenye maneno yaleyale: kurudisha mpenzi, mvuto wa biashara, kushinda kesi, mali bila masharti. Chini yake, namba ya simu. Ukifika Makambako, ukapita Mafinga hadi Iringa mjini, karatasi ni hizohizo, namba tu ndizo zinazobadilika.

Hayo maneno "bila masharti" ndiyo uongo wenyewe. Sharti huwa lipo. Linaanza na kuku mweusi na hela ya ubani. Baadaye unaambiwa usimweleze mkeo, usimweleze mtu yeyote. Ukishazama, ukishauza shamba na kukopa kwa watu, unaambiwa kilichobaki ni kafara, na kafara hiyo si ya mbuzi.

Haya tumeyaona kwa macho. Kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, mkoani Njombe, ambako hadi mwaka 2012 kulikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa, watoto walichukuliwa na kuuawa, miili yao ikaokotwa imekatwa viungo. Watatu walitoka familia moja. Serikali ilihusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Na wakazi wa Mbeya wenye umri wa kutosha hawajasahau hofu ya miaka ya kuelekea 2000 na iliyofuata, watu walipouawa na kuchunwa ngozi. Nauliza kwa uchungu: nani alitajirika? Liko wapi ghorofa lililojengwa kwa damu ile, tulione? Kilichopo ni makaburi, na wazazi ambao hadi leo wanawasindikiza watoto wao shuleni kwa mashaka.

Injili inasimulia kwamba Shetani alimpandisha Yesu mahali pa juu, akamwonesha falme zote za dunia, akamwahidi kumpa zote kwa sharti moja la kumsujudia. Alikuwa kama dalali anayeuza kiwanja kisicho chake. Yesu alikataa, akashuka kwenda kwenye kazi ngumu ya miaka na msalaba mwishoni. Tunaisoma habari hiyo kila Kwaresima, kisha wengine wetu, tena waimba kwaya na wazee wa kanisa, tunainakili namba ya kwenye nguzo usiku wakati hakuna anayetuona.

Sitaki kuwalaumu wanaokwenda kwa waganga bila kueleza kinachowapeleka. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006. Wafanyabiashara wakahamia soko la Sido. Sido nako kukaungua mwaka 2011, na kukaungua tena mwaka 2017. Mtu aliyeona marobota yake ya mitumba yakigeuka majivu huku marejesho ya mkopo yakimsubiri Ijumaa hawezi kutulizwa kwa mahubiri mepesi. Amefunga, ameomba, ametoa fungu la kumi, na bado ameunguliwa. Anapouliza Mungu alikuwa wapi, ana haki ya kuuliza. Mganga anamnasa hapohapo, kwa sababu jibu lake liko tayari: jirani yako ana chuma ulete, amekuwa akivuta hela zako. Majirani waliokuwa wakichangiana kwenye kikoba na misiba wanaacha kusalimiana, na hasara ya moto inazaa hasara nyingine ambayo hakuna fidia wala mkopo wa kuiziba.

Anayemjibu mtu huyo kwamba hakuwa na imani ya kutosha anamkosea yeye na anamkosea Mungu. Kitabu cha Maombolezo, ambacho mapokeo yanasema ni cha Yeremia, hakikuandikwa na mtu aliyeshiba. Mji wa Yerusalemu ulikuwa umechomwa, na watoto walikuwa wakizirai kwa njaa mitaani. Katikati ya kilio hicho ndipo mwandishi anakiri kwamba Mungu ni mwaminifu, kisha anaendelea kulia. Hakuahidiwa kwamba hataunguliwa. Aligundua tu kwamba hakuachwa, na naamini waliofungua tena meza zao baada ya majivu ya Sido wanaujua ukweli huo kuliko mhubiri yeyote.

Uovu, hata hivyo, haukai kwa waganga peke yao. Upo unaovaa kola. Tunaikumbuka DECI, iliyokusanya fedha za watu kwa lugha ya ibada, ya kupanda mbegu na kuvuna, hadi Serikali ilipoizuia mwaka 2009 na waumini wengi wakabaki na stakabadhi mikononi. Wapo pia, na hawa ndio wanaonitisha zaidi, wanaowaombea wagonjwa na kuwaambia wameshapona, watupe vidonge. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, kauli hiyo ni hukumu ya kifo. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4.

Kuna mama mmoja muuza viazi ambaye simu yake ya kitochi hulia kila siku saa tatu usiku. Akiisikia, anaosha kikombe, anachota maji, anafumba macho kidogo, anameza kidonge, kisha anarudi kwenye mazungumzo palepale alipoyaachia. Ameona wajukuu. Kwake sala na kidonge havina ugomvi, vyote anavipokea kutoka mkono mmoja.

Uaminifu wa Mungu mara nyingi huja hivyo, polepole na mchana kweupe. Watu wa Mufindi wanajua kungoja. Mzee wa miaka sabini anapanda misindano akijua kwamba watakaoipasua mbao ni wajukuu, na hakuna anayemwita mjinga kwa kungoja miaka kumi na tano.

Ndugu msomaji, ukiahidiwa utajiri ukatakiwa ufiche, ondoka, na uende kwa mtendaji wa kijiji au polisi, maana nyuma ya siri hiyo huenda kuna mtoto wa mtu. Ukiambiwa umepona, rudi kliniki upime, na dawa za VVU usiache, hutolewa bure. Nanyi wachungaji, mapadre na mashehe wa mikoa yetu, muumini wenu akiunguliwa duka, fikeni kwake kabla ya mganga hajafika.